Mradi Ulio Nyuma ya Mabati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, vitengo vidogo na ofisi za muda za vitengo vidogo. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi. Wazee wetu mlioketi mbele na wazee wetu mliokosa viti. Kina mama, kina baba, vijana, na nyinyi wapita njia mliosimama kwa sababu tumefunga barabara. Wadau wangu wa karibu, yaani kinyozi, fundi viatu, na kwa namna ya pekee kabisa fundi cherehani, ambaye nje ya itifaki ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, lakini hapa ni mdau kama wadau wengine. (Shangazi: “Ni shangazi hapa na kila mahali.”) Naam. Itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, mimi Mkuu wa Kitengo cha Uendelezaji wa Maeneo Yaliyo Wazi nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, au tuseme yenye kifani kimoja tu, maana niliwahi kufurahi hivi siku tuliyozindua Wiki ya Uzinduzi, na nimekuja kuwaeleza kwa mapana, kwa marefu na kwa kina juu ya mustakabali wa kiwanja hiki kilichopo katikati ya mji wetu, nyuma ya mabati haya ya buluu, ambayo nayo, naomba izingatiwe, tumeyapaka rangi upya. (Makofi kutoka safu ya Kamati.)

Tukumbushane tulikotoka. Hapa palikuwa na jengo la zamani la ghorofa moja, na katika vyumba vya chini mlikuwamo nyinyi wadau mkifanya kazi zenu, mkatuletea malalamiko kwamba paa linavuja, kwamba maji yanamwagikia vitambaa vya fundi cherehani na vichwa vya wateja wa kinyozi, nasi kama ofisi sikivu hatukulala. Tuliunda timu ya wataalamu, timu ikafanya tathmini ya kina, na leo kwa mamlaka niliyopewa natangaza rasmi kwamba uvujaji umekomeshwa kwa asilimia mia moja. Paa halipo. Ukuta haupo. Jengo halipo. Nani hapa anaweza kunyoosha kidole akasema kuna sehemu inavuja? (Fundi viatu ananyoosha kidole. Mkuu wa Kitengo anatazama upande mwingine.)

Takwimu zinajieleza zenyewe. Kabla ya hatua zetu, eneo lililo wazi hapa lilikuwa asilimia sifuri. Leo ni asilimia mia. Mwanga wa jua umeongezeka maradufu. Hewa, hata wataalamu wenyewe wameshindwa kuipima kwa wingi wake. Wapo wanaobeza, wanasema kile kilichopo katikati ni dimbwi la maji ya mvua, na mimi nawajibu kistaarabu kwamba lile ni bwawa la awali, na vyura waliomo walikuja wenyewe bila kulipwa, ishara kwamba mazingira ya uwekezaji ni rafiki. (Vicheko.) Cheka cheka hizo ndizo zinazoturudisha nyuma.

Sasa tazameni picha hii kubwa iliyoegemezwa hapa. Hii ndiyo dira. Hii ndiyo dizaini ya kisasa, ya kidijitali, yenye mkakati mtambuka na mchakato shirikishi, ambapo mtaona mnara wa vioo, lifti, maegesho ya chini kwa chini na bustani iliyo juu kwa juu, na nyinyi wadau wote mmo, ingawa kwa sasa mmewakilishwa na watu wengine. (Kinyozi: “Mheshimiwa, mbona watu wa kwenye picha wamevaa makoti mazito na wengine wanatembea juu ya barafu?”) Swali zuri, na mwenye kuliuliza ni mtu makini. Hiyo inatokana na ubora wa viyoyozi. (Vicheko virefu. Mjumbe mmoja wa Kamati anaigeuza picha kidogo upande wa mabati.)

(Shangazi anasimama. Mlinzi anamwendea, kisha anakumbuka ni nani, anamletea maikrofoni. “Sihitaji hicho, sauti ninayo. Wewe mtoto wa kaka yangu, mimi sikuja kutazama picha. Tangu mtuvunjie nakaa kibarazani kwa muuza dawa. Wateja wangu wanajipimia nguo chooni kwake, tena kwa foleni na wagonjwa. Mvua ikipiga upande ule, cherehani inalowa, nami nalowa nayo. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, mashati ya watoto wa watu nimeyarundika kitandani, nalala kwenye kiti. Nimechoka, mwanangu. Ninachouliza ni kimoja: tunarudi lini?” Makofi makubwa kutoka kila upande, isipokuwa safu ya Kamati, ambayo inaanza kupiga kisha inaacha.)

Nakushukuru sana, shangazi, nilitaka kusema mdau, kwa mchango wako mzuri, ambao tumeupokea na unafanyiwa kazi. Suala la lini, ndugu wananchi, lisichukuliwe juu juu. Ndani ya lini mna lini ya muda mfupi, lini ya muda wa kati na lini ya muda mrefu, na huwezi kukurupuka tu ukamtajia mwananchi tarehe, halafu tarehe yenyewe ikafika. (Kicheko.) Ndiyo maana tumeanza na upembuzi yakinifu wa andiko, litakalozaa rasimu, itakayojadiliwa kwenye warsha, nje ya mji, kwa sababu ndani ya mji kuna kelele za watu wanaouliza maswali. Na kuhusu mashati ya shule, mimi mwenyewe ni shahidi. Mnaiona suti hii? Kaishona shangazi yangu, pale pale kibarazani, mguu mmoja wa suruali umefika kwenye kiatu na wa pili unakaribia, maana umeme wa muuza dawa ulikatika. (Shangazi: “Nilikuambia uje upunguziwe ule mrefu, ukasema una kikao.”) Nilikuwa na kikao kweli, shangazi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusikatishane tamaa. Wangapi wana mji wenye kiwanja kitupu hivi, katikati kabisa, tena bapa? Miji mingine inahangaika na majengo! Sasa nataka tuchangamke. Nikisema “Kiwanja,” nyinyi semeni “Chetu!” Kiwanja! (“Chetu!”) Safi sana. Nikisema “Maendeleo,” semeni “Mbele!” Maendeleo! (“Mbele!”) Na nikisema “Mradi,” semeni “Unakuja!” Mradi! (“Uko wapi?”) Hapana, hapana, turudie, wa nyuma hawakunisikia vizuri. Mradi! (“Uko wapi?”) Basi, inatosha, ujumbe umefika.

Nimalizie kwa shukrani, maana mimi ni mtu wa shukrani. Nawashukuru wachoraji wa ramani, ambao hawajachora kitu kwa sababu hakuna aliyewaambia wachore nini. Namshukuru mkandarasi, popote alipo, tukimpata tutamshukuru tena ana kwa ana. Nalishukuru duka la kalenda kwa picha. Lakini shukrani za pekee ni kwa yule mkubwa wetu aliyepita hapa kwa ziara, maana bila yeye tusingekuwa na la kuzindua. Mtakumbuka haya mabati tuliyaweka jengo likiwa bado limesimama, tukiwa tunamtafuta fundi wa paa, ili ule ukuta uliobanduka rangi usije ukamkera. Basi alipopita, nami nikiwa kiti cha mbele cha gari lake, akashusha kioo akaniuliza, “Pale nyuma ya mabati mnafanya nini?” Ndugu wananchi, mtu wa cheo changu haulizwi na mkubwa akajibu kwamba hatufanyi kitu, ofisini kwetu jibu hilo halipo. Nikamwambia, “Mradi, Mheshimiwa.” Akasema, “Mkubwa?” Nikasema, “Mkubwa sana.” Akafurahi mno, akanishika bega, akasema atarudi kuuona. Sasa angerudi akute jengo lile lile linavuja, mngeniweka wapi mimi? Ndipo tukavunja, usiku na mchana, kwa uzalendo wa hali ya juu. Bahati mbaya alihamishiwa idara nyingine, na wala hajauliza tena. Ila sisi kama ofisi hatukurudi nyuma, tukaendelea kuusubiri mradi kwa ari ile ile. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hata safu ya Kamati haipigi makofi. Shangazi bado amesimama: “Kwa hiyo hakuna mradi.”)

Kitaalamu, shangazi, tunasema mradi haujapata maudhui.

(“Hakuna.”)

Hakuna, shangazi.

(“Wala hakujawahi kuwepo.”)

Wala.

(Kinyozi anasukuma bati moja kwa bega, linalala chini. Fundi viatu anachukua kiti cha Mgeni Rasmi na kuingia nacho. Watu wanamfuata na meza, na mabenchi. Wengine wameanza kung’oa nguzo za hema la waheshimiwa, na waheshimiwa wenyewe wanatoka chini yake mmoja mmoja.)

Ndugu wananchi! Kabla hamjaingia, naomba ieleweke kwamba kuingia huku kunafanyika kwa mujibu wa Awamu ya Kwanza, ambayo naitangaza hivi sasa! Mlinzi, usiwazuie, hao ni awamu. Hilo hema ni mali ya ofisi, jamani, lina namba... Haya, chukueni, lakini lifungeni vizuri upande ule mvua inakotokea, na msiliweke karibu na bwawa, nilitaka kusema dimbwi. Wajumbe wa Kamati, naomba tubaki kwenye viti vyetu. Viti viko wapi?

(Shangazi, kutoka ndani ya kiwanja, ameinamia meza kubwa ya mbele, ile ya kitambaa cheupe: “Umemaliza kuhutubia? Vua koti hilo uje hapa, hii nzito.”)

Nakuja, shangazi. Nishike upande gani?