Jina Langu Kuachwa Kwenye Makala ya Kutu ya Tefu

Kwa Mhariri,
Jarida la Nafaka za Nyanda za Juu,
Addis Ababa.

Ndugu Mhariri,

Natumaini hujambo na kazi zinaendelea. Mimi ni Dokta Getahun Wolde, mkuu wa idara ya mazao kwa miaka kumi na mmoja, na nakuandikia kwa uchungu. Mmechapisha makala ya mhadhiri wangu, Selamawit Haile, kuhusu ugonjwa wa kutu kwenye nafaka ya tefu, na jina langu halimo. Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Alhamisi, nami nimebakiza makala moja tu niwe profesa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika idara yetu makala haitoki bila jina la mkuu. Ndivyo nilivyopata makala zangu arobaini na tatu, na hakuna hata moja iliyonisumbua kuisoma.

2. Utafiti huu ulijadiliwa ofisini kwangu wakati wa kahawa. Wenzangu waliondoka baada ya kikombe cha pili. Mimi nilikaa mpaka cha tatu, kile cha baraka. Kama nilisinzia, nilisinzia nikiwa kikaoni.

3. Selamawit anajigamba kwamba alikaa mashambani misimu mitatu. Ruhusa yake ilisainiwa na nani?

4. Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya watu: "Gashe, mkubwa wangu, niambie basi kutu inashika jani au mzizi, nikuandike sasa hivi." Tangu lini mkubwa akapewa mtihani na mdogo wake? Niliumia sana.

5. Mhakiki wenu naye aliisoma makala mstari kwa mstari, akadai na takwimu. Mimi nikiwahakikia huangalia majina tu, na siku hiyo hiyo mnapata majibu. Tukianza kuhakiki kwa kusoma, nchi itapata maprofesa wangapi?

Kwa hiyo naomba jina langu liwekwe, tena liwe la kwanza. La Selamawit likikosa nafasi, ashukuriwe mwishoni pamoja na dereva.

Nisalimie wahariri wote, wachapaji, na mama anayewachomea kahawa.

Wako katika elimu,
Dkt. Getahun Wolde

N.B. Haya naongeza kwa mkono wangu. Barua imeandikwa na Selamawit mwenyewe, maana ndiye huniandikia barua zote. Sikupata nafasi ya kuisoma, nimetia sahihi tu. Ameniomba radhi, na kwa heshima ameshauri nakala iende kwa kamati ya maadili na ile ya Alhamisi. Nimemkubalia, zimeshapelekwa.