Ndugu wa Kukodi

"Dole halifanani," karani Josephu wa benki alirudia bila kuinua macho.

"Dole ni langu, bwana. Limebabuka kwa kubangua korosho. Sasa nilete la nani?"

Karani akasema dole likikataa, aletwe ndugu mwenye akaunti hapohapo amtambulishe. La sivyo, Jumatatu. Felismina alikuwa ameshaambiwa Jumatatu mara mbili, na fundi wa Shangani aliyekuwa anahama alikuwa amemwekea cherehani ya kununua, mwisho saa sita leo.

Kwenye benchi, Saide alikunjua miguu. Akaunti yake ilikuwa na shilingi tano, haziongezeki wala hazipungui, na kwa hizo tano alikuwa ameshakuwa mjomba, mpwa na binamu wa nusu ya wilaya. Korosho zinababua madole, karani hasikii la mtu. Saide anakula hapo katikati. Alimnong'oneza Felismina, wakapatana shilingi kumi, wakaenda dirishani.

"Huyu dada yangu," Saide akasema.

"Wiki hii umeshaleta dada saba. Mmoja angeweza kumzaa mama yako."

Saide hakutetereka. "Basi andika mume."

Karani akaandika. Saide akatia sahihi yake yenye mikia mitatu, muhuri ukagongwa, Felismina akapokea fedha zake na nakala ya kaboni.

Nje, kando ya baiskeli yake iliyong'arishwa mpaka kengele, Saide alifafanua kwamba kumi ni bei ya kaka. Mume ni cheo. Mume ni hamsini. Alijua vizuri kuwa mtu wa dole hasomi anachopewa.

Asichojua ni kwamba tangu masika Felismina alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima. Alikunjua nakala, akapitisha kidole chini ya herufi.

"Mu-me," akasoma kwa sauti. "Mume. Na muhuri upo."

Foleni nzima ikageuka.

"Marehemu mume wangu alikuwa ananiletea, hakuwa ananidai," akaendelea. "Twende kwetu Madimba, kaka zangu wanne wakuone, mzungumze mahari. Au niachie baiskeli. Cherehani ni nzito."

Saide akashuka hadi kumi, kisha tano. Mzee mmoja kwenye foleni akamtuliza: "Usiogope, shemeji. Nawajua hao. Wakishashiba ni wapole."

Saide akatoa ufunguo wa kufuli, akamkabidhi. Felismina akapanda, akapiga kengele, akaondoka zake.

Mji ulikuwa umemchoka, Saide aliona. Akarudi dirishani kutoa zile tano, zimfikishe popote zitakapomfikisha. Akatia sahihi harakaharaka.

"Mikia miwili," Josephu akasema. "Ya kwenye kadi ina mitatu. Sahihi haifanani. Leta ndugu mwenye akaunti hapa."

Saide akatazama benchi. Wajomba na wapwa zake wote wakatazama dari.

Akatoka mbio kuelekea Shangani, viatu mkononi, akiita barabara nzima isikie: "Mke wangu, ningoje!"