Malalamiko Kuhusu Viatu Arobaini na Kimoja vya Mguu wa Kushoto

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Forodha,
Kituo cha Darajani.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umeketi, na umevaa viatu. Hilo la viatu nitalifikia huko mbele, kwa hiyo naomba usivivue kwanza.

Mimi ni fundi viatu, mwenye duka la mlango wa kijani mkabala na stendi, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita kwenye benchi lile lile. Sijawahi kuiandikia serikali barua. Lakini tangu nchi yetu ijitoe kwenye Jumuiya ya Uchumi wiki tatu zilizopita, maji yamenifika shingoni, na nimeona badala ya kuwanung'unikia wateja, ambao hawana mhuri, nimnung'unikie mwenye mhuri.

Niweke wazi mapema kwamba sipingi nchi kujitoa. Wakubwa wamekaa, wamefikiri, wamesema tumetoka, basi tumetoka. Mimi naulizia mguu wa kushoto tu.

Ili unielewe, inabidi nikueleze habari za nyumbani kwetu kidogo. Marehemu baba alikuwa fundi viatu, na alizaa wana wawili wasiopatana hata juu ya nani akalie kiti kipi. Alipoona siku zake zinakaribia alituita, akafungua sanduku la kalibu, yaani ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Kaka yangu akapewa miguu yote ya kushoto. Mimi nikapewa yote ya kulia. Tulidhani mzee amechanganyikiwa, kumbe alikuwa na akili zake timamu kutushinda sisi wawili tukijumlishwa, maana hakuna aliyeweza kufungua duka bila mwenzake. Baadaye kaka akaoa ng'ambo ya daraja, akahamia huko na miguu yake. Tangu hapo, kila Jumanne huvuka na gunia la viatu vya kushoto. Tunakaa kwenye benchi langu, tunavilinganisha na vya kulia, tunagombana kuhusu visigino, kisha anarudi kwao na nusu ya jozi zilizopatikana. Wakati wa Jumuiya, maofisa wako walikuwa wakimpungia mkono tu anapopita.

Sasa sikiliza yaliyotupata.

1. Jumanne ya kwanza baada ya kujitoa, kaka alichelewa. Nikafunga duka, nikamfuata hadi darajani. Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya yule ofisa wako mwenye miwani mikubwa, ambaye hapa mjini tunamwita Miwani, naomba asichukie. Viatu arobaini na kimoja vilikuwa vimepangwa mezani. Miwani alikuwa akieleza kwamba kitabu cha ushuru kinahesabu viatu kwa jozi. Kaka akamwambia humo hakuna jozi hata moja. Miwani akasema viatu viwili ni jozi, ndivyo alivyofundishwa tangu shule ya msingi. Akavifunga kwa kamba viwili viwili, kushoto kwa kushoto, akaandika jozi ishirini na kugonga mhuri. Mheshimiwa, nashona viatu tangu kabla sijaota ndevu, na sijapata kukutana na mteja wa jozi hizo.

2. Kikabaki kiatu kimoja. Miwani alisema hakiwezi kupita kama kiatu, kwa kuwa si jozi, wala kama taka, kwa kuwa ni kipya. Baada ya kukuna kichwa sana akakiandika kuwa ni "kifaa". Fomu ya vifaa ina sehemu ya kueleza kifaa kinafanya kazi gani, na kaka akaandika: kutembea. Miwani akauliza kama kinatembea chenyewe au kina mtu wa kukiendesha. Kaka yangu ni mtu asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe, akamjibu neno ambalo sitaliandika kwenye barua ya heshima kama hii. Naomba radhi kwa niaba yake. Gunia zima likafungiwa stoo, naye akarudishwa kwao mikono mitupu, nami nikiwa nimesimama upande huu namtazama.

3. Kesho yake nilirudi mwenyewe, kwa upole, kuulizia cheti cha asili ya bidhaa. Nikaambiwa kwamba bidhaa iliyotengenezwa nchini kwa zaidi ya nusu ni ya nyumbani na haina maneno. Jozi yetu ni nusu kamili, haizidi hata uzi. Nikasema kamba zote mbili huzitia mimi, na hapo tayari nusu imezidi. Miwani akaomba kuziona, akafunua makaratasi yake, akasema kamba hizo zimeagizwa kutoka nchi ya tatu, mbali kabisa. Kwa hiyo nilikwenda na jozi ya nchi mbili, nikatoka na jozi ya nchi tatu. Nikauliza je, nikipigilia misumari minne zaidi kwenye kisigino cha kulia? Mteja atatembea ameinama upande, lakini atakuwa mzalendo. Nimeambiwa hilo litapelekwa kwenye kamati, na kamati bado haijaundwa.

4. Wateja wangu wanateseka. Mwalimu wa hisabati wa shule ya jirani alikuja kuchukua viatu vyake, nikampa cha kulia, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Ni mtu mpole, alikivaa akaenda zake. Sasa anafundisha akiwa na kiatu kipya mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, na wanafunzi wameacha kutazama ubao. Rafu zangu zimejaa viatu vya kulia, vimeelekea mlangoni kama watu waliopanga foleni na karani hajafika. Mama watoto ananishauri nibandike tangazo la kuwatafuta watu wa mguu mmoja. Alidhani ananichekesha.

5. Hapa ndipo tunapofika kwenye viatu vyako, Mheshimiwa. Vile vyeusi vya soli nene, ulivyovaa siku ya kushusha bendera ya Jumuiya, vimetoka kwetu. Navikumbuka kwa sababu kidole chako cha pili kinakizidi kile kikubwa, nikalazimika kuongeza nafasi mbele. Kwa hesabu za ofisi yako, kiatu chako cha kulia ni raia mwema. Cha kushoto ni bidhaa ya kigeni ambayo haijalipiwa ushuru, na kila asubuhi kinapanda ngazi za serikali na kuwekwa chini ya meza ya serikali. Si wewe tu. Maofisa wako wote wanavaa mabuti yetu. Nilimchungulia Miwani alipokuwa akikagua gunia la kaka, na huku mkono wake unaandika sheria, mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya magendo. Halafu kuna suala la gwaride, ambalo ni zito na nalisema kwa sauti ya chini: askari wetu huanza kwa kushoto. Maana yake nchi yetu huru inatanguliza mguu wa ng'ambo mbele ya wageni rasmi, na bendi inapiga.

6. Kwa hiyo naona njia tatu. Ama mguu wa kushoto wa kila raia utangazwe kuwa eneo huru la biashara, kuanzia kifundo kushuka chini. Ama viatu vyote vya kushoto nchini vikamatwe, na kwa ajili ya mfano mwema zoezi lianzie ofisini kwako. Au, na hili ndilo ninaloliomba hasa, kaka yangu apewe kibali cha kuvuka kila Jumanne na gunia lake, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Tafadhali isiwe nusu saa. Visigino vyetu vina maneno mengi.

Usiniambie tutumie simu. Tumejaribu. Kaka akipiga huuliza vipi, nami hujibu salama, kisha tunasikilizana tukipumua mpaka mmoja anakata. Jumanne mbili zimepita hivyo. Nakaa kwenye benchi peke yangu, hakuna wa kuniambia mshono wangu umepinda, na kusema kweli, Mheshimiwa, nimeumia. Bila yeye hili si duka, ni stoo ya viatu vya kulia.

Nisalimie maofisa wote wa darajani. Miwani mwambie buti lake la kulia limeanza kufumuka pembeni, alilete nitamshonea bila kinyongo. La kushoto asinionyeshe, halimo katika mamlaka yangu. Salamu pia kwa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na yeyote atakayeifungua barua hii kabla yako.

Ni mimi, raia mtiifu kwa mguu wote wa kulia,

Fundi wa Mlango wa Kijani

Nyongeza: Mama watoto ameisoma barua hii na amekataa kuipeleka posta mpaka niandike ukweli. Haya. Viatu vya kushoto najua kuvishona. Mwaka ule ule kaka alipohama nilijichongea kalibu za kushoto, seti nzima, ziko chini ya kitanda zimeviringishwa kwenye shuka. Rafu zote hizo ningezimaliza peke yangu, bila daraja, bila kibali na bila kamati. Lakini kaka yangu si mtu wa kuja kukaa tu. Asipokuwa na gunia, haji. Kwa hiyo naomba hizo za chini ya kitanda zisiingizwe kwenye faili lolote ambalo anaweza kuliona.

Na sasa mama watoto ameingia ndani kutafuta bahasha, kwa hiyo nimalizie na hili ambalo hata yeye halijui. Jumanne ya mwisho kabla ya nchi kujitoa, kaka alikuja amevaa viatu vipya. Mshono wangu naujua, na wake naujua. Kile cha kulia sikukishona mimi, alikishona yeye. Nilikitazama, nikamwongezea chai.