Pande Nane za Mpini

Jumatatu, 9 Juni

Mvua tangu alfajiri. Chai imepoa kabla sijainywa. Nyumba kimya. Huu mwezi wa tatu tangu mama watoto ahamie kwa kaka yake pamoja na binti yetu. Alisema anakwenda kupumzika. Mapumziko gani haya! Hata mgonjwa wa wodini hufika siku akaruhusiwa.

Ila kuna habari. Jumamosi klabu ya tenisi inachezesha wazazi na watoto, wawili wawili. Binti, miaka kumi na mitatu, mkono wa moto, amepangwa na mjomba wake. Yaani shemeji yangu, daktari wa meno, mtu wa soksi nyeupe. Nimepiga simu. Nimesema baba mtu bado yu hai. Binti akasema sawa, tatizo ni kwamba mpira wangu wa kuanzia hauvuki wavu. Nikasema utavuka.

Shemeji akachukua simu. Akasema hana neno, atanipisha. Atanipisha! Kama kiti cha basi! Nimezidi kumchukia.

Jumanne, 10 Juni

Kutoka kazini moja kwa moja uwanjani. Mwalimu wa klabu, mzee mwembamba, alitazama mipira yangu miwili, akasema inatosha, ameshaona. Eti nashika raketi kama kikaango, uso wake ukitazama juu. Eti kwa mpira wa kuanzia raketi hushikwa kama nyundo: ubavu mbele, kama mtu anayepigilia msumari. Mpini una pande nane, na fundo la kidole cha shahada likae upande wa pili. Hapo ndipo mkono unapogeuka wenyewe.

Nikajaribu nyundo. Mpira wa kwanza ukatua bustanini. Wa pili ukagonga baiskeli ya mlinzi. Mzee akasema ni kawaida, mkono utazoea baada ya wiki tatu, muhimu nisibadilishe.

Wiki tatu! Nina siku nne. Huyu mzee kapewa kitu na shemeji. Nyundo nimeiacha hapohapo.

Jumatano, 11 Juni

Wazo! Nimeamka nalo. Mipira ya shemeji huvuka wavu kila mara; siri yake imo kwenye kiganja chake, na mimi nina dawa yake. Miaka kumi na tisa natoa fotokopi. Wino wa unga naujua kama mwokaji anavyojua ngano. Nitachukua kidogo kwenye bahasha, ninyunyize kwenye mpini wa raketi yake. Akishika, wino utafutika pale kiganja kilipokaa. Nami nitasoma upande gani. Akili ni nywele, kila mtu na zake!

Saa kumi na moja nilikuwa uwanjani. Shemeji akaenda kubadili viatu. Nikanyunyiza. Nikajificha nyuma ya stoo.

Binti akafika kabla yake. Raketi yake imekatika uzi. Akachukua ya mjomba.

Naona uzito kuandika. Gauni jeupe la tenisi, jipya, mama yake alilishona kwa mkono. Vidole vitano vyeusi kiunoni. Alipofuta jasho, na paji la uso likawa jeusi. Watu wakakusanyika. Nikatoka nyuma ya stoo kama mpita njia. Binti akanitazama, akasema polepole:

“Baba, huu si wino wa kazini kwenu?”

Nikasema pengine ni vumbi tu.

“Baba,” akasema tena. Neno hilo moja tu.

Mama yake, aliyekuja naye, hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alimfuta mtoto uso kwa kitambaa, wakaondoka. Nikapaza sauti kwamba gauni wasilifue kwa maji ya moto, wino ule ukipata joto hautoki maisha. Ushauri wangu pekee wa maana wiki hii. Hakuna aliyegeuka. Shemeji akanigusa bega, akasema hayo hutokea. Hutokea wapi?

Ijumaa, 13 Juni

Jana sikuandika. Sikuwa na la kuandika.

Leo nimeomba ruhusa kazini, nikasema naumwa jino. Nimeandika namba kwenye pande zote za mpini, moja hadi nane. Mipira kumi kwa kila upande, ukutani nyuma ya nyumba. Matokeo: upande wa tatu, kidirisha cha bafu. Upande wa sita, kamba ya nguo za jirani. Kifundo cha mkono kimevimba. Jirani, fundi cherehani, alinitazama mpaka shati lake la mwisho lilipoanguka, akaniambia mchagua nazi hupata koroma. Nikamwambia hajui tenisi.

Jioni binti akapiga simu. Sikutegemea. Akasema tutacheza, ashanikasirikia mpaka akachoka.

“Ila baba, chagua mshiko mmoja tu. Hata ukiwa mbaya, uwe huohuo.”

Nikaahidi. Nilipokata simu nikaamua nitatumia mitatu kwa zamu. Wapinzani watachanganyikiwa.

Jumamosi, 14 Juni

Wapinzani: muuguzi mmoja na binti yake. Muuguzi anaanzisha mpira taratibu, kama anayegawa vidonge. Mipira yake yote inaingia.

Zamu yangu. Kwa nyundo: wavuni. Kwa kikaango: nje ya uzio. Kwa upande wa tano, siri yangu: shingoni mwa binti yangu. Nilisikia mlio wake. Watu wote waliusikia. Alisimama muda, mgongo umenielekea. Kisha akaja, akanishika mkono, akanipanga vidole kimoja kimoja kwenye mpini, kama nilivyokuwa nikimshikisha penseli.

“Hapo. Usiguse tena.”

Nikapiga. Ukaingia! Muuguzi hata hakuinua raketi. Miaka yote hii, na mpira ukaingia!

Nikawaza: ikiwa hapa ni pazuri, mbele kidogo patakuwa pazuri zaidi. Nikasogeza vidole, nywele moja tu.

Tumefungwa sita bila.

Jumapili, 15 Juni

Binti amepiga simu. Shingo haimuumi sana. Akasema kufungwa si kitu. Akasema mpira ule mmoja ulipoingia, mama yake alisimama akapiga makofi. Alikuwepo! Sikumwona. Nilikuwa natazama mpini.

Halafu akasema nije kula nao saa saba kwa mjomba. Nikauliza kasema nani. Akasema mama.

Nilikaa kitandani. Machozi yalikuwa karibu. Miezi mitatu!

Kisha nikapiga hesabu. Mpira mmoja umemsimamisha. Kumi mfululizo si itamrudisha nyumbani? Nikampigia binti, nikamwambia chakula tukiahirishe, leo nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema ataona mwenyewe. Akakata simu.

Kosa nimelipata, lilikuwa kidole gumba. Nimekifunga kwa gundi ya karatasi kisiteleze. Sasa ni saa nane na nusu. Nimepiga mipira mia mbili ukutani, hakuna hata mmoja uliopita juu ya mstari wa wavu niliouchora. Huko nadhani wanaondoa sahani. Kesho najaribu mikono miwili.