Malai ya Wageni Wasioruhusiwa Kuja

Granville, Sydney
Septemba 2021

Kwa Mama mzazi, Msimamizi Mkuu wa Friza,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama hapo jikoni. Mimi niko chumbani, hatua chache kutoka kwako. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo huwa naishia "basi, hamna kitu," halafu najikuta naosha vyombo. Na nimeandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu unasema kina kiburi.

YAH: MALAI YA EMBE, PUDINI YA NDIZI NA VITAMU VYOTE ULIVYOGANDISHA "KWA AJILI YA WAGENI"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu Juni tumefungiwa kwa sababu ya korona, na serikali imekataza watu kutembeleana. Lakini wewe, Mama, kila wiki unatengeneza vitamu na kugandisha, utadhani wageni wako getini wanavua viatu. Friza imejaa mpaka samaki wetu wamehamia kwa jirani. Nikigusa mfuniko tu nasikia, "Safaa! Ya wageni hayo!" Sisi wenyeji tumeachiwa kokwa tufyonze.

2. Mgeni mmoja tu ndiye aliyeingia humu, naye ni fundi wa friza. Alikuta plagi imechomoka, akairudisha kwa kidole kimoja. Ukampa malai kwenye bakuli la kioo, lile ambalo mimi naruhusiwa kulifuta vumbi tu. Kwa kuwa hakuweza kuvua barakoa ndani, akaenda kuyala kwenye gari lake. Bakuli halijarudi. Mimi nimezaliwa humu, Mama, sijawahi kuchomoa kitu, na hilo bakuli sijalinywea hata maji.

3. Pudini ya ndizi umesema ni ya shangazi Saleha wa Penrith. Sisi haturuhusiwi kuvuka kilomita tano, na Penrith ni mbali mno. Tena shangazi mwenyewe daktari amemkataza sukari. Kwa hiyo tunamhifadhia mtu asiyeweza kuja kitu asichoweza kula.

4. Hili naona haya kuliandika. Mgeni akija hapa, wewe unakaa. Unakaa kabisa, unacheka, unamwambia Baba aache simu. Tangu uongezewe zamu kule kwenye nyumba ya wazee, unakula umesimama kwenye sinki, na sisi kila mtu na sahani yake chumbani. Hata fundi hakukufanya ukae.

Kwa hiyo naomba Jumapili, siku yako ya mapumziko, nipokewe kama mgeni. Sheria haikatazi, kwa kuwa mgeni mwenyewe anaishi humu humu. Nitatoka mlango wa nyuma, nizunguke nyumba, nibishe hodi mbele. Sitakuja mikono mitupu: nitaleta kilo ya sukari kutoka kabatini mwako. Utanikaribisha malai, nami nitakataa mara mbili kama ulivyonifundisha. Tafadhali usiniamini. Mara ya tatu nitakubali, na wewe utakaa unitazame nikila, ukisema "ongeza, mbona hujala?"

Najua jibu lako: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nakubali. Siku mbili zanitosha. Ukikataa, mimi na mdogo wangu Ilyas tutajitangaza wageni wa kudumu, na mgeni, kama ujuavyo, haoshi vyombo.

Nisalimie Baba hapo sebuleni. Nisalimie Ilyas pia, ingawa yuko hapa chini ya meza anauliza kama umeshajibu. Wasalimie na samaki kwa jirani.

Mimi mwanao mtiifu, na mgeni wako mtarajiwa,
Safaa binti Stambuli
Chumba cha pili, kushoto

Nyongeza: Mama, nyuma ya mfuko wa njegere kuna kikopo kidogo cha malai ya pasheni. Nimeyatengeneza mwenyewe ulipokuwa kazini. Naomba asiyaguse mtu yeyote, hata wewe, hata Jumapili. Shule zikifunguliwa nataka kumkaribisha Lydie wa darasani kwetu, ambaye mpaka leo sijawahi kumwambia zaidi ya "hi". Ilyas akililia hicho kikopo, mwambie ni cha mgeni.