Nilivyomweleza Farao Habari za Farao

Jamani, leo nimeaibika, na bado natoa salfa puani.

Jumamosi tunapeleka posa. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Asipokuja yeye, hakuna wa kukusikiliza, hata ulete kanisa zima. Sasa mjomba wangu hajawahi kukanyaga kanisani, na wakwe ni walokole. Nikahofia atagoma. Asubuhi nikamchukua dada Felista, tunayesoma naye Biblia kila Jumatano, twende shambani kwa mjomba huku Likombe tukambembeleze.

Njia nzima tunabishana. Felista anasema wote tumezaliwa na dhambi, lakini kutoamini ni mtu mwenyewe kukataa, na moyo unaweza kulainika. Mimi nikasema ipo mioyo ambayo Mungu mwenyewe kaifanya migumu, muulize Farao. (Warumi nimesoma sura mbili. Msiniulize zipi.)

Kufika, tukakuta mtu anapuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Koti la mvua, miwani, kanga kajizungushia usoni hadi masikioni, njano tupu. Nikajua ni Alberto, kibarua wa mjomba, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma asiye na maneno mengi. Nikamsalimu, akazima mashine, akainua mkono. Nikamuuliza mjomba yuko wapi. Akapangusa miwani kwa kiganja. Nikaona basi, atuamulie ubishi.

"Wewe unaishi naye," nikamwambia. "Hebu mweleze dada huyu. Mjomba si Farao kabisa? Kaombewa, kahubiriwa, wapi! Mungu kashamfunga moyo yule. Mimi namtaka Jumamosi tu, akae mkekani aseme maneno mawili, halafu arudi zake Misri."

(Nikacheka mwenyewe. Peke yangu.)

Yule mtu akafungua kanga taratibu. Mjomba! Kumbe Alberto kaenda msibani. Posa yangu nikaiona inaondoka hivi hivi naitazama.

"Kama ni Mungu aliyenifunga," mjomba akasema, "mbona lawama unaniletea mimi?"

Felista akaninong'oneza kwamba swali hilo limo Warumi sura ya tisa. Asante, dada, umenisaidia sana. Nikapiga magoti pale pale kwenye majani makavu, nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka.

Mjomba akaitundika kanga begani. Kisha akasema miaka yote watu wa kanisa wanakuja kumjadili, wengine mpaka mlangoni kwake, na hajatokea hata mmoja wa kumwambia twende wote.

"Jumamosi nitakusemea," akasema. "Jumapili mnipitie."

Jamani, naoa! Felista alinitazama kama mtu aliyeshinda ubishi, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mjomba akanivika mashine mgongoni, akaenda kukaa na Felista wakila mihogo. Nimepuliza peke yangu mpaka upepo ulipoanza kuipeperusha salfa, huku nalia kwa furaha. (Kiasi. Mengine salfa.) Anayetaka kunicheka aje huku anichekee karibu, miti imebaki mingi na mashine ni moja, tutapokezana.