Ruta Yenye Antena Nane

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa. Tena na mtu tunayetenganishwa na ukuta mmoja!

Jirani wa mlango wa kushoto, tunayemwita Fundi Saa kwa sababu ya kazi yake, amebadili jina la waifai yake. Mpaka jana ilikuwa na jina la kiungwana tu. Leo nafungua simu kutafuta mtandao wetu, nakuta wake umekaa juu ya wetu, kwa herufi kubwa: USIOMBE NYWILA. Anaambiwa nani? Niliomba mara moja. Haya, mara mbili. Na ilikuwa siku ya mechi, mpira umewekwa kwenye penalti, mtandao wetu ukakwama. Mtu mwenye moyo angeelewa.

Nimemwambia mke wangu kwamba sasa ni lazima tupate ruta mpya, ya kizazi cha saba, ambacho ndicho cha kisasa kuliko vyote. Hakuinua hata macho kwenye cherehani. Akasema iliyopo inafanya kazi vizuri. Akanikumbusha kwamba Ijumaa saa kumi alasiri ana somo la majaribio: walimu wa chuo cha ushonaji watamtazama kwa video akifundisha kukata kola. Wakimkubali, ataachana na kile kiwanda cha sare ambako msimamizi anawahesabia mpaka safari za chooni. Aliingoja nafasi hii mwaka mzima. Akaniomba kitu kimoja tu: nisiguse chochote mpaka Ijumaa ipite.

Nikamwambia sawa, mpenzi. Wakati ule nilikuwa namaanisha.

Mama mkwe, aliyekuwa pembeni akifuma vitambaa vyake, akaguna. Mama huyu ananijua kuliko ninavyopenda.

Jumanne, 4 Machi

Ninayo! Iko mezani! Inang'aa!

Muuzaji wa duka la vifaa ni mtu wa maana sana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo nyumbani kwangu halijatokea tangu harusi. Akaniuliza nina vyumba vingapi. Nikasema vitatu. Akasema hii inatosha hoteli. Nikasema basi ndiyo hiyo hiyo. Tukabadilishana: nikamwachia baiskeli yangu ya mazoezi, ambayo kusema kweli haijawahi kumfanyisha mtu mazoezi, kazi yake ni kuanikiwa taulo. Alipoonekana kusitasita, nikamtupia na ruta yetu ya zamani kama nyongeza.

Ina antena nane. Ukiitazama kutoka mlangoni unadhani ni buibui aliyelala chali. Ina taa ya bluu inayoweza kugeuzwa zambarau. Zambarau ni ya nini, sijui. Ninachojua ni kwamba Fundi Saa hana.

Mtandao nimeupa jina KASI YA RADI.

Ruta hii ina njia tatu za mawimbi: ya zamani, ya kati, na mpya kabisa ambayo ndiyo uhondo wenyewe. Nikazifunga zile mbili za mwanzo. Mtu akishapata gari jipya hafungi punda mbele yake. Matokeo yake, hakuna kifaa hata kimoja humu ndani kilichoiona. Simu yangu haioni. Kompyuta ya mke wangu, tuliyoinunua mwaka tuliooana, haioni. Runinga haioni, na tamthilia ya mama mkwe ilikuwa imefika pale mume anaposhika kitasa cha mlango. Mama akaja na rimoti mkononi, akaniuliza kwa adabu zote kama yule mume aliingia au hakuingia. Nikamwambia, Mama, hitilafu ni ya mji mzima. Akatega sikio ukutani, akasema kwa Fundi Saa mume ameshaingia na vita vimeanza.

Jioni mke wangu alitoka kuoga, taulo mkononi, akaitafuta baiskeli. Akatazama pale inapokaaga. Akaitazama ruta. Akanitazama mimi. Kisha akaniita "mume wangu", taratibu kabisa. Akiniita hivyo taratibu, najua nimekwisha. Nikazifungua zile njia mbili chapuchapu, kila kitu kikarudi, nikajifanya nilipanga hivyo tangu mwanzo. Akataka nimrudishie ruta ya zamani. Nikamhakikishia kwamba iko mahali salama, na ni kweli, maana duka lile lina mlinzi.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya ushindi! Asubuhi nzima nimepima kasi ya mtandao. Nimepimia sebuleni, jikoni, juu ya kiti, chini ya meza. Namba zinapanda tu. Sina cha kufanyia kasi yote hiyo, lakini roho imetulia kujua ipo.

Nikatoka kwenye korido nikimwinda Fundi Saa, nijifanye tumekutana kwa bahati. Tukakutana. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza yeye anatumia kizazi cha ngapi siku hizi. Akasema hajui, ilikuwepo alipohamia. Nikacheka kwa huruma. Naye akaniuliza kama tumeshapata pa kuanika taulo. Mama mkwe! Mdomo wa mama huyu unafika mbali kuliko antena zote nane.

Kufika adhuhuri mtandao wake umebadilishwa jina tena: RADI BILA MVUA. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Baadaye kidogo kilinikubali.

La kufurahisha ni hili. Mama mkwe ameanza kubadilika. Nimekuta ruta haipo mezani, nikamuuliza, akasema kitu cha thamani kama kile hakiachwi ovyo mezani kama bakuli la mboga, yeye ameshakiweka pazuri. Nilifarijika. Kumbe na yeye anaiheshimu teknolojia. Sikutaka kumchosha kwa maswali.

Alhamisi, 6 Machi

Nahujumiwa!

Tangu asubuhi mtandao unachechemea. Kabla ya kwenda kiwandani mke wangu alijaribu kufanya mazoezi ya somo lake na dada mmoja wa kazini. Kila alipofika kwenye kugeuza kola, picha ikaganda, yeye mdomo wazi, mkasi hewani. Mara sauti inakuja bila picha, mara picha bila sauti. Ruta mpya, ya kizazi cha saba, haiwezi kuchoka yenyewe. Kuna mkono wa mtu.

Ushahidi ninao. Jana nilimwona Fundi Saa ameshika bisibisi ndogo sana. Mtu mwenye nia njema ana kazi gani na bisibisi ndogo vile?

Nimesoma mahali kwamba mawimbi hayapiti kwenye bati. Bati sina. Lakini jikoni tuna zile karatasi za aluminiamu za kufungia chakula, na dukani zipo tele. Chumba cha kushonea ndicho kinachopakana na Fundi Saa. Nikaanza na ukuta ule. Nilipoumaliza nikaona si busara kuacha mianya, huenda anayapitisha pembeni. Nikapiga na ukuta wa pili, wa tatu, wa nne, na mlango kwa ndani. Juu ya dari sikufika vizuri, nikatumia ufagio. Sasa hata tone la mawimbi yake haliingii. Mama mkwe alipita, akachungulia, akauliza kama tunamchoma mtu. Nikamwambia asijali.

Mke wangu akarudi. Nilikuwa nimeshaandaa uongo: nikamwambia nimeweka mwanga, ili wale walimu wa chuo wamwone vizuri. Akasimama katikati ya chumba akizunguka polepole. Akasema kweli, pamekuwa na mwanga mzuri. Akanishika mkono. Akasema anaogopa sana hiyo kesho, kwamba wakimkataa hajui atawezaje kurudi kwenye kile kiwanda na kujifanya hakuwahi kutamani kitu kingine.

Moyo ulinilegea kabisa. Nampenda mwanamke huyu. Nilikaribia kumwambia ukweli. Lakini kumwambia kungempa wasiwasi, na mtu anayempenda mkewe hampi wasiwasi siku moja kabla ya mtihani.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nimekaa jikoni. Hakuna aliyenifukuza sebuleni. Nimeona tu ni vyema.

Saa kumi kasorobo mke wangu aliingia chumba cha kushonea, amevaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, kitambaa kimepigwa pasi, mkasi umenolewa, futi shingoni. Akafunga mlango. Muda si mrefu akaufungua. Kompyuta haikuona mtandao wowote. Si wetu, si wa Fundi Saa, si wa mtu yeyote duniani. Akatoka kwenye korido yetu ya ndani, ukaonekana kwa mbali, ukafa. Akarudi chumbani. Akazitazama kuta. Akakwangua karatasi kwa ukucha.

Nikajikaza, nikaeleza. Mawimbi, hujuma, bisibisi. Nilipofika kwenye bisibisi nikasikia mwenyewe jinsi inavyosikika.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Macho yalimjaa machozi, akayameza, akasema maneno mawili: "Beba cherehani."

Nikabeba. Yeye akabeba kompyuta na kitambaa, akagonga kwa Fundi Saa. Jirani akafungua na ile lenzi yake ya kutazamia saa jichoni. Mke wangu hakumaliza hata sentensi. Alipofika kwenye "samahani, jirani, tunaomba" yule bwana akamtajia nywila yote, herufi kwa herufi. Mimi niliombaga wiki mbili! Akamsafishia meza. Halafu akafanya kitu ambacho hakikuniingia akilini mwanzoni: akazunguka ukuta mzima akizisimamisha saa zake zote, moja baada ya nyingine, ili milio yake isimsumbue mwalimu.

Ruta yake niliiona. Imekuwa ya njano kwa uzee. Antena moja, ya pili imekatika. Imefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Haikukwama hata mara moja, nyang'au ile.

Nami nilisimama mlangoni na kumtazama mke wangu. Sijawahi kumwona akifundisha. Alieleza kola kama mtu anayekuambia siri nzuri, akaingiza na mzaha kuhusu shingo za wakubwa wa ofisini. Wale walimu watatu kwenye kioo cha kompyuta walisogeza vichwa mbele. Mimi mwenyewe nilitamani kukata kola. Nilisahau kabisa kupima kasi.

Wamemkubali pale pale. Ataanza Jumatatu, akifundisha kwa video kutoka nyumbani. Akamkumbatia mama yake, akampa mkono Fundi Saa, akanipita.

Jumamosi, 8 Machi

Sina hatia! Nimesafishwa!

Leo nimeulizia ruta iko wapi hasa. Mama mkwe akachukua ufunguo shingoni, akafungua kabati la vyombo vya wageni. Iko ndani. Nyuma ya vioo, imebanwa katikati ya sinia mbili za chuma, na imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Ya moto hata ungeweza kunyooshea shati. Mama akasema kitu kizuri kikikaa wazi kinaingia vumbi na macho ya watu. Sinia alizisogeza karibu ili kisianguke.

Basi! Kumbe tatizo ni kitambaa! Nikatangaza hivyo wakati wa chai, kwa sauti. Nikafafanua kwamba kuhusu ruta nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mama mkwe akasema, baba, pokea mkate. Mke wangu akauliza karatasi za ukutani alizibandika nani, kitambaa? Swali lile halikuhusiana na mada.

Masharti niliyopewa ni haya. Ruta inakaa mezani, uchi, mpaka mwisho wa dunia. Karatasi zote nizibandue leo. Na nisiiguse tena, kwa kidole wala kwa simu wala kwa ushauri. Nimekula kiapo mbele ya mama mkwe. Amenilazimisha nikirudie kwa sauti ya kusikika.

Mke wangu anamshonea Fundi Saa aproni ya kazi, yenye mfuko wa bisibisi. Mimi hajawahi kunishonea aproni. Sina kazi ya aproni, lakini bado.

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa! Mke wangu ameaga kiwandani. Sasa hivi anafundisha darasa lake la kwanza, wanafunzi darasa zima, mtandao wetu wenyewe, hausuasui hata kidogo. Mimi nimekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake. Nimepewa kazi moja: kukaa kimya. Nimejawa na fahari mpaka kifua kinauma. Nasikia anavyowachekesha.

Kiapo nakishika. Ruta sijaigusa.

Ila simu yangu imeleta ujumbe. Sikuutafuta, umekuja wenyewe. Ruta inasema kuna mfumo mpya, umetoka leo, utakaoifanya iwe na kasi zaidi. Kuna vitufe viwili: SASA na BAADAYE. Nimefikiria sana. Niliapa kutoigusa ruta, na kitufe kiko kwenye simu. Halafu leo ndiyo siku anayoihitaji kasi kuliko siku zote. Baadaye itamsaidia nini? Mume gani anaona mkewe anaweza kupata kilicho bora, akamwambia baadaye?

Nimebonyeza SASA.

Taa ya bluu imekuwa ya machungwa. Sasa imezimika, nadhani inajipanga. Darasani kumetulia kweli. Wanafunzi wameacha kucheka, wamezama kwenye somo. Hata yeye ameacha kuongea. Mwalimu mzuri anajua mahali pa kunyamaza.

Nasikia kiti chake kinasogezwa. Anakuja mlangoni. Nimeona niandike hili haraka kabla hajafika kunishukuru.